Nimekuja kujitolea, mbona nabaguliwa? Au ni mimi tu nawaza sana?

SWALI: "Habari za kazi. Mimi ni dada wa miaka 24, nipo nje mwezi wa tano sasa, nimekuja kwa programu ya kujitolea ya mwaka mzima kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mgeni ni mimi peke yangu na mwenye rangi hii ni mimi peke yangu. Kuna mzee mmoja hataki kabisa nimguse, nikiingia chumbani anageukia ukutani anaita mtu mwingine. Wenzangu wananishika nywele bila kuuliza, kila siku nasifiwa 'unaongea lugha yetu vizuri' hata nikisema neno moja, na kwenye basi kiti cha pembeni yangu kinabaki wazi huku watu wamesimama. Nilimwambia mratibu wangu, akasema wazee ndivyo walivyo, hawana nia mbaya, nisiwe mtu wa kuchukulia vitu moyoni. Sasa sijui kama kweli nabaguliwa au nimekuwa mtu wa kushuku kila kitu. Usiku narudia matukio kichwani mpaka alfajiri. Nyumbani siwezi kusema, mama anajivunia sana na watu wanaona nimeula. Je, nivumilie miezi saba iliyobaki au nirudi?"

JIBU:

Pole sana mdogo wangu, na asante kwa kueleza kwa kirefu, maana ukilisoma swali lako polepole nusu ya jibu imo humo humo. Kazi yangu ni ushauri nasaha, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya watu ninaokaa nao ni vijana waliorudi kutoka kujitolea nchi za watu, au bado wako huko tunaongea kwa simu. Hiki unachoeleza nakisikia tena na tena, na karibu kila mtu anakuja na sentensi ile ile uliyoandika wewe, sijui kama nabaguliwa au nashuku tu. Naomba nianzie hapo, kabla ya mzee na kabla ya habari ya kurudi nyumbani, kwa sababu naona hapo ndo panapokumaliza.

Hebu angalia ulivyoyaorodhesha. Mzee anayegeukia ukutani, mikono kwenye nywele, sifa za lugha, kiti cha basi. Vitu vinne na uzito wake hauko sawa hata kidogo, lakini umevitia kwenye fuko moja kwa sababu vyote vinakuachia swali moja, hii ni kwa sababu ya nilivyo au kuna sababu nyingine? Mwenzako mzawa akijibiwa ovyo anasema huyu leo ana yake, anaendelea na zamu. Wewe ukijibiwa ovyo unapewa na kesi juu, na kwenye hiyo kesi wewe ndo mpelelezi, wewe ndo shahidi, wewe ndo hakimu, alafu ushahidi wenyewe umo moyoni mwa mtu mwingine usikoweza kufika. Sasa fanya hivyo mara tano sita kwa siku kwa miezi mitano, ukimaliza mtu akwambie usichukulie vitu moyoni. Lazima uchoke.

Na hili lilishapimwa. Mwaka 1991 huko Marekani mwanasaikolojia Jennifer Crocker na wenzake waliwapa wanafunzi weusi maoni kutoka kwa mwanafunzi mzungu aliyedaiwa kuwa chumba cha pili, na kati ya vyumba kulikuwa na kioo chenye pazia. Wengine pazia liliachwa wazi, wakajua anawaona, wengine likafungwa. Waliosifiwa huku wakijua wanaonekana walijikuta wanajithamini kidogo kuliko mwanzo. Kwa kusifiwa! Wale ambao pazia lilifungwa, sifa ile ile iliwapandisha. Ukijua unaonekana hata sifa huwezi kuiegemea, hujui imesifiwa kazi yako au umehurumiwa rangi yako. Kwa hiyo siku ukisema "asante" kwa lugha yao, ukapigiwa makofi, ukahisi kitu kimekuchoma, usijiite huna shukrani. Mtu anayekupongeza kwa neno moja anakuonyesha bila kujua kwamba alitegemea hata hilo moja likushinde.

Sasa neno langu kubwa kwako ni hili, hiyo kesi huhitaji kuishinda. Huhitaji kujua moyoni mwa mtu mna nini ndo upate haki ya kusema "hiki kisirudiwe". Kinachoonekana kinatosha. Kanishika nywele bila ruhusa, hicho ni kitendo, kina saa na kina mahali, hakibishaniwi. Kanibagua, hiyo ni hukumu juu ya nia, na ukianza na hukumu mazungumzo yote yatageuka kuwa kumtetea yeye na utu wake wema, wewe utaishia kumbembeleza. Anza na kitendo. Nia muachie mwenyewe.

Nakuambia haya kwa sababu yalinikuta. Mwaka niliojitolea mimi nje, nilimpelekea mama mmoja mtu mzima kikombe cha maji. Akakipokea, akachukua kitambaa, akafuta mkono wa kikombe pale pale nilipokuwa nimeshika, taratibu, huku ananiangalia usoni, ndo akanywa. Nikajiambia labda kilikuwa na majimaji. Nikarudi jikoni nikagusa vikombe vyote vilivyobaki kwenye sinia, vikavu, na bado nikajiambia labda ni kile kimoja tu. Wiki nzima nililala na kile kikombe. Leo nisingefanya uchunguzi wa vikombe. Ningemwambia msimamizi wa zamu siku ile ile kwamba fulani kafanya hivi, naomba tupange namna ya kumhudumia kesho, nikaenda zangu kulala.

Kuna maneno matatu utakuwa umeshaambiwa au utaambiwa, na yote yana ukweli nusu, ndo maana yanachanganya.

La kwanza hilo la mratibu wako, hawana nia mbaya. Inawezekana kabisa. Wengi wanaoshika nywele wanavutiwa tu, kama mtoto anavyovutiwa na kitu kipya. Lakini ukikanyagwa mguu kwa bahati mbaya mguu unauma, na aliyekanyaga anautoa, haanzi kukueleza hakukusudia huku bado amesimama juu yake. Daktari wa akili mmoja Mmarekani, Chester Pierce, aliziandikia hizi dharau ndogondogo mwaka 1970 akazipa jina la kitaalamu, na hoja yake ilikuwa kwamba kila moja peke yake haina uzito wa kupigia kelele, uharibifu unatokana na kujirudia. Anayekushika leo anaona ni mara moja. Kwako wewe ni ya arobaini.

La pili, ni mshtuko wa utamaduni tu, utazoea. Mshtuko wa utamaduni upo kweli, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliueleza vizuri sana tangu miaka ya 1950, ile hali ya mtu kupoteza alama zote ndogondogo alizozoea za namna ya kusalimia, kuomba, kukataa, mpaka anachoka na kukasirikia kila kitu. Ila huo una tabia ya kupungua kadiri unavyojifunza lugha na taratibu. Dharau haipungui kwa wewe kujifunza lugha. Mara nyingi inakuwa kinyume, miezi ya kwanza ulikuwa husikii, sasa unasikia, unaelewa walichosema ulipogeuka, unaelewa kicheko. Watu wengi wananiambia mwezi wa nne wa tano ndo uliwavunja, wakati wao walidhani mambo yatakuwa yanalainika. Na wewe uko mwezi wa tano. Kwa hiyo jiulize, kinachoniumiza ni kutojua mambo yao, au ni kuyajua?

La tatu, kaa nao tu wakujue, chuki itaisha yenyewe. Hili watu wanalipenda, hata programu za kujitolea zenyewe zimejengwa juu yake. Aliyelipa msingi wa kitaalamu ni Gordon Allport mwaka 1954, lakini yeye hakusema kukaa pamoja kunatosha. Alisema kunasaidia zaidi pale ambapo watu wanakutana wakiwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana kweli kulifikia, na wenye mamlaka wanaunga mkono waziwazi. Tafiti zilizokuja baadaye, na zilipojumlishwa mwaka 2006 zilikuwa zimepita 500, zinaonyesha kukutana kwa kawaida kunapunguza chuki, na hayo masharti yanaongeza nguvu. Sasa pima hapo ulipo. Hadhi sawa huna, wewe ni mgeni wa mwaka mmoja, chini ya kila mfanyakazi. Mwenye mamlaka ndo huyo anayekwambia usichukulie moyoni. Yaani kazi unayoambiwa uifanye kwa tabasamu na subira ni kazi ambayo nusu yake ni ya uongozi, na hakuna tabasamu linaloweza kuziba nafasi ya mkuu wa kitengo kusimama mbele ya wote na kusema huyu ni mwenzetu.

Na mwili wako umeshaelewa hata kabla yako. Kurudia matukio mpaka alfajiri ni mwili uliokaa chonjo. Ubongo ukishajifunza kwamba hatari haina saa maalumu unaacha kuzima kengele, moyo unadunda kwa vitu vidogo, homoni za stresi kama kotisoli na adrenalini zinabaki juu, usingizi unakuwa mwepesi, na mchana unasoma uso wa kila anayepita. Hapo ndo mtu anaanza kujiona "nimekuwa mtu wa kushuku". Ni kweli umekuwa mwangalifu kupita kiasi, sitakudanganya, na wakati mwingine utaona dharau mahali ambapo haikuwepo. Hiyo ni matokeo ya yaliyotokea, na haifuti yaliyotokea.

Basi tuje kwenye vitu vyako vinne.

Kiti cha basi kiache. Sio kwamba hakiumi, kinauma, ila pale huna wa kumwambia, huna wa kuripoti, na hutakaa ujue. Weka masikio kwenye simu, angalia dirishani, na usijilazimishe kuhesabu waliosimama. Nguvu yako ni chache, ipeleke panapobadilika.

Nywele panabadilika. Sema kifupi, papo hapo, sauti ya kawaida, bila kucheka: "Sipendi kushikwa nywele, naomba usinishike." Usiongeze maelezo, usiombe radhi. Jifunze hiyo sentensi kwa lugha yao mpaka itoke bila kufikiri, maana kwenye mshtuko lugha ya kigeni ndo ya kwanza kukimbia. Wengi watakuambia samahani na itaishia hapo, na utajua kwamba hao walikuwa hawajui. Atakayerudia baada ya kuambiwa, huyo sasa anaenda kwenye daftari, nitalieleza.

Sifa za lugha, chagua. Kwa mtu unayemuona kila siku unaweza kumgeuzia kwa upole: "Asante, ila ungenisaidia zaidi ukinirekebisha nikikosea." Hiyo inamtoa kwenye kukushangaa inamuingiza kwenye kukusaidia. Kwa mpita njia sema asante uende.

Mzee ndo pagumu, na hapo naomba tukae kidogo. Kwanza, mzee ana haki ya kukataa kuguswa na mtu yeyote, mwili ni wake, hiyo ni kanuni ya kazi ya utunzaji popote. Pili, ulizia kama ana demensia au maradhi mengine ya ubongo. Sehemu ya mbele ya ubongo ndo inafanya kazi ya breki, ndo inatuzuia kusema kila kinachopita kichwani, na demensia ikifika hapo breki zinakwisha, mtu anasema na kufanya mambo ambayo miaka kumi iliyopita angeona aibu, na wakati mwingine anamuogopa tu yeyote asiyemtambua. Ukijua hivyo kuna uchungu utapungua, kwa sababu utajua unashughulika na ugonjwa. Lakini tafadhali usikubali maelezo ya ugonjwa yageuzwe kuwa sababu ya wewe kupelekwa chumba kile kila asubuhi peke yako ukakataliwe. Mgonjwa hana uwezo wa kubadilika, uongozi unao. Wanaweza kukuingiza na mfanyakazi anayemfahamu ili akutambulishe kwa jina wiki kadhaa, wanaweza kupanga mtu mwingine amhudumie na wewe upewe chumba kingine bila kuonekana umefeli, na kama mzee ana akili zake timamu, mkuu wa kitengo anaweza kumwambia wazi kwamba kumkataa anaruhusiwa, kumtusi haruhusiwi. Hizo zote ni kazi za wao kupanga. Yako ni kuomba.

Na uombe kwa maandishi. Ulimwambia mratibu kwa mdomo akakujibu kwa mdomo, hapo hakuna kilichotokea. Nunua daftari dogo, kila tukio liandike siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa hata kama ni kwa lugha yao, na wewe ulifanya nini. Maoni yako weka ukurasa mwingine. Hili daftari lina faida mbili, moja ni ushahidi, nyingine ni kwamba kilichoandikwa kichwa kinakubali kukiachia kidogo, maana kazi ya kukumbuka imehamia kwenye karatasi. Liandike jioni mapema, ulifunge, liweke chumba kingine kama kipo, usilale nalo.

Alafu imeili, fupi, kwa mratibu na nakala kwa shirika lililokutuma. Kitu kama hiki: "Tarehe fulani na fulani mkazi wa chumba fulani alikataa huduma yangu na kusema maneno haya. Nilikueleza tarehe fulani. Naomba kikao wiki hii tukubaliane mambo mawili, nani anaingia nami chumbani, na nifanye nini tukio likijirudia. Naomba jibu kwa maandishi." Ona kwamba neno ubaguzi halimo. Usidhani nakuambia ulifiche, siku ukihitaji kulisema utalisema, ila barua ya kwanza lengo lake ni kupata kikao na mpango, na mtu aliyeulizwa jambo la kupanga anajibu haraka kuliko aliyetuhumiwa.

Kuhusu sheria nikuambie ukweli ulivyo. Mkataba wa Kimataifa wa Kutokomeza Aina Zote za Ubaguzi wa Rangi ulipitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1965, ukaanza kutumika Januari 1969, na nchi nyingi sana zimeuridhia. Unagusa rangi, ukoo, asili ya taifa na kabila. Haugusi ile tofauti ambayo serikali inaweka kati ya raia na asiye raia, kwa hiyo kupangiwa foleni ya vibali au kunyimwa kura sio jambo la mkataba huo, kutukanwa kazini ni habari nyingine. Shida ni kwamba sheria nyingi za kazi zinamlinda mwajiriwa, na anayejitolea bila mkataba wa ajira anaweza kuangukia nje. Uingereza kwa mfano, mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu aliyekuwa anajitolea bila mkataba hakuwa na kinga ya sheria za kupinga ubaguzi kazini. Usivunjike moyo, nakwambia ili uchukue yale makaratasi uliyosaini kabla hujasafiri usome kifungu cha malalamiko, kifungu cha kuhamishwa kituo, na kifungu cha kuvunja makubaliano, kwa sababu kwako wewe hayo makaratasi ndo yanaweza kuwa na nguvu kuliko sheria. Na uulizie pia taasisi za kupinga ubaguzi za nchi hiyo, nyingi zinashauri bure na hazihitaji uwe raia.

Sasa swali lako la mwisho, nikae au nirudi. Sitakuchagulia, ila nitakuambia kisichofaa. Kubaki kwa kuona aibu hakufai, na kuondoka usiku mmoja wa hasira hakufai pia. Tuma imeili, weka tarehe wiki nne mbele, na siku hiyo uangalie kitu kimoja tu: wamebadilisha chochote? Simaanishi wamekuwa wakarimu, namaanisha wamepanga walichoombwa kupanga. Kama ndiyo, hata nusu, kukaa kuna maana, na utamaliza ukiwa na watu wawili watatu wa kweli. Kama hapana, omba kuhamishwa kituo kwanza, watu wengi hawajui hilo lipo. Na hata ukiamua kurudi, kabla hujatamka uliza viza yako imefungwa na programu hii au la, tiketi nani analipa, bima inaishia lini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe jembe walishakupa miezi mitano iliyopita, unalima nao shamba moja. Mtu anayelima ana haki ya kusema mpini umevunjika.

Yapo mambo ambayo hayasubiri wiki nne. Ukitishiwa, ukipigwa, ukishikwa kwa namna ya kukudhalilisha, toka hapo kwanza, piga namba ya dharura ya nchi hiyo, kisha shirika lililokutuma, kisha ubalozi wenu. Ubalozi hautakuendeshea kesi lakini utakusaidia na hati za kusafiria na orodha ya mawakili. Na kwa upande wa afya, kama usingizi umepotea zaidi ya wiki mbili, huli, unaanza kukwepa kutoka nje, au matukio yanakujia mchana kama yanatokea upya, tafuta mshauri nasaha au daktari umuone ana kwa ana, angalia kwenye bima kama inalipia, na una haki ya kuomba mtu anayeelewa masuala ya ubaguzi. Ukianza kuwaza kujidhuru, hiyo ni ya leo hii, usiku huu huu, mwambie mtu aliye karibu na uende hospitali.

Nimebakiza mama. Nadhani unaogopa kwamba ukimwambia kweli utamharibia furaha, na ukimficha unabaki peke yako, basi umechagua upweke kwa ajili yake. Huna haja ya kumwambia yote. Ukimpigia Jumapili mwambie kazi ni nzuri ila kuna watu hapa wananisumbua kwa sababu ni mgeni, nimeshalisema kwa wakubwa, nasubiri jibu, nilitaka tu ujue. Alafu nyamaza umsikilize. Wengi niliowashauri wafanye hivi walirudi kuniambia kwamba mzazi alikaa kimya kidogo, akauliza, "Umekula?", na wao ndo wakalia kwa mara ya kwanza tangu waondoke.